POP Imetoka, Mguu Bado

Hapa Moshi ukishatolewa POP, ile plasta ngumu ya kushikiza mfupa uliovunjika, watu wanakuhesabu umepona. Pole zinakoma wiki hiyo hiyo. Waliokuwa wanakuletea mtori wanaulizia vyombo vyao, mwenye nyumba anakumbuka kodi, na wateja waliosema "usijali mama, ugua pole, nguo zitasubiri" wanataka gauni la kipaimara Jumamosi. Hospitali niliyotibiwa, ambayo sitaitaja, nayo ilinihesabu hivyo hivyo. Daktari aliitazama picha ya eksirei, akasema mfupa umeunga vizuri, hongera mama, akaita anayefuata. Sikuambiwa hata neno moja kuhusu namna ya kuutumia tena mguu uliokaa kifungoni muda wote ule.

Na mfupa ulikuwa umeunga kweli. Ila nilikuwa siwezi kushuka kidato kimoja cha baraza, siwezi kuchuchumaa, na nikisikia pikipiki nyuma yangu nashika ukuta.

Ajali yenyewe sitaisimulia kwa kirefu. Ajali za bodaboda zinafanana, na sidhani kuna ukoo mkoa huu wa Kilimanjaro usio na ya kwake. Nilikuwa natoka Kiboriloni na mfuko wa vitambaa, kijana aliyenibeba akakwepa kitu barabarani, tukaanguka, pikipiki ikalalia mguu wangu wa kulia, kifundo kikavunjika. Ninachotaka kueleza ni kilichofuata baada ya mfupa kuunga, maana hicho watu hawakisemi, na ndicho kilichonila muda kuliko POP.

Jambo moja mlijue kabla hatujaendelea. Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani, nje ya duka la vitambaa mjini, tumepangana mafundi na cherehani zetu za kukanyaga, kila mmoja na kiti chake na wateja wake. Kwa hiyo mguu wa kulia kwangu haukuwa wa kutembelea tu. Ndio ulioleta ada ya shule.

Kama hujawahi kuona mguu uliotoka kwenye POP, jiandae. Ngozi ilikuwa imekauka na kutoka magamba ya kijivu, harufu siielezi, vinyweleo virefu kuliko vya mguu mwingine. Shavu la mguu lilikuwa limeisha. Nilipofika nyumbani nilichukua futi yangu ya kazi nikapima: shavu la kushoto sentimita 36, la kulia 32. Mtu mwingine angeona ni tofauti ndogo. Kwa fundi, sentimita nne ni suruali ya mtu mwingine kabisa.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini mguu unaisha hivyo. Misuli isiyofanya kazi, mwili hauihudumii. Na inapungua kwa kasi zaidi siku na wiki za mwanzo kabisa, kabla hata hujayazoea magongo. Kano zinafupika, utando unaokizunguka kiungo unakakamaa. Halafu kuna gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayofunika ncha za mifupa, unayoiona kwenye goti la ng'ombe ukipika supu. Haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kwenye ute wa kiungo, na inakipata kwa kubanwa na kuachiwa, kama dodoki kwenye beseni: ukilibana linatema, ukiliachia linanyonya. Mguu usiokanyaga, gegedu yake inashinda njaa.

Robert Salter, daktari wa mifupa wa Toronto, Kanada, alianza mwaka 1970 kuchunguza viungo vya sungura, akaonyesha kwamba gegedu iliyoumia inapona vizuri zaidi kiungo kikisogezwa polepole mfululizo kuliko kikifungwa. Enzi hizo ilikuwa ni kwenda kinyume na mafundisho, maana wengi waliamini kiungo kilichoumia dawa yake ni kukituliza, tena kwa muda mrefu. Na mfupa wenyewe nao ni vilevile. Mjerumani Julius Wolff aliandika tangu 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Usipoubebesha kitu, unapungua.

Sisemi POP ni mbaya. Mfupa uliovunjika lazima utulizwe ili ushikane, na aliyekuambia uivunje POP yako nyumbani kwa kisu anakutafutia kilema. Nasema tu kwamba yule anayeifungua alipaswa kunionyesha pa kuanzia, hata kwa dakika tano.

Nyumbani nako kulikuwa na upendo mwingi mno. Mama mkwe alishuka kutoka Uru na ndizi zake, akahamia kwangu. Watoto walikatazwa kuniacha ninyanyue hata kikombe. Nikijaribu kusimama tu, nasikia sauti tatu kwa mpigo: "Kaa mama!" "Mama, kaa!" "Kaa mwanangu, utajitonesha." Mama mkwe alikuwa ananikanda kila jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, na niseme wazi, lilinisaidia lile. Joto linalegeza. Tofauti na jirani mmoja aliyemleta mchuaji wake, akaushika mguu akataka kuunyoosha kwa nguvu mpaka ulie. Nilimfukuza. Kulazimisha kiungo namna ile kunaongeza uvimbe, na kwenye kiwiko kunaweza hata kuchochea mfupa kuota ndani ya misuli.

Lakini hata upendo ule mzuri ulikuwa na kasoro yake. Kwetu mgonjwa akionekana anafanya kazi, aibu ni ya waliomzunguka. Jirani akipita akakuta nafua, atasema nimetelekezwa. Kwa hiyo nikakalishwa, na nikiwa nimekaa nikazidi kuogopa. Kila siku niliyokaa ilikuwa ushahidi kwamba kusimama ni hatari. Nikiweka kisigino chini, moyo unapiga kabla mguu haujauma. Usiku naota naanguka, naamka nimekaza mwili mzima, na mguu ambao mchana kutwa haukufanya kitu unauma asubuhi.

Nimesoma baadaye kwamba hofu hii inafahamika sana na ina wataalamu wake. Mwaka 2000 wanasaikolojia wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, waliandika kuhusu maumivu sugu ya misuli na mifupa wakaonyesha mzunguko wake: unaumwa, unadhani kila maumivu ni kuharibika upya, unaacha kusogea, mwili unadhoofika, unaumwa zaidi, unaogopa zaidi. Mtu anaweza kuzunguka humo miaka na mfupa wake mzima kabisa. Niliposoma nilimpigia dada yangu simu nikamwambia, hawa watu wameniandika mimi.

Tuseme na la choo, kwa kuwa hakuna atakayelisema. Nyumba niliyopanga ina choo cha kuchuchumaa. Ili uchuchumae, goti lazima lipite mbele ya vidole huku kisigino kikiwa chini, na hiyo inataka kifundo kinachokunja vizuri. Kifundo changu kilikuwa hakikunji hata kidogo. Nilikuwa najishika kwenye mlango na ndoo, na mlango wenyewe ni wa bati. Heshima ya mtu mzima ipo kwenye nyuzi chache za mkunjo wa kifundo, nilikuwa sijui.

Aliyeniokoa ni fundi mwenzangu wa pale barazani, ambaye mtoto wake alizaliwa na nyayo zilizopinda na wamehangaika naye hospitali hadi akatembea. Alinijia na kilo ya sukari, akanitazama navyojivuta, akasema, "Shoga, wewe unangoja nini? Nenda fizio."

Fizio ni fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Nikamwambia hiyo ni ya wazee wa kiharusi na wachezaji mpira.

Akacheka. Na kweli inachekesha, ukifikiria tunaishi wapi. Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, kilomita chache kutoka ninaposhonea. Chuo cha TATCOT, kinachofundisha utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kipo hapo tangu 1981, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma Moshi. Wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa kazi, wanaomtibu mgonjwa kwa kumrudisha kwenye shughuli zake, wanafundishwa hapo hapo. Wageni wanapanda ndege kuja kujifunza namna ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake, na sisi wenyeji tunapita na daladala tukidhani pale ni pa wagonjwa mahututi.

Nikaenda kwenye kliniki moja ya fiziotherapia. Kijana aliyenipokea umri wake ni wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba daktari."

"Mimi si daktari, mama. Pole sana. Unafanya kazi gani?"

Nilishangaa kidogo. Hajaushika mguu, hajaomba picha, ananiuliza kazi. Nikamwambia fundi cherehani. Umeme au kukanyaga? Kukanyaga. Akatabasamu kabisa. "Basi mama, wewe una mashine ya mazoezi ambayo mimi hapa sina."

Kisha akanivulisha viatu, akanisimamisha nikiutazama ukuta, mguu mmoja mbele, akaniambia nipinde goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Kwa mguu wa kushoto niliweza hata kidole gumba kikiwa mbali na ukuta. Kwa wa kulia, kidole kikiwa kimegusa ukuta kabisa, goti lilikataa kufika. Akatafuta rula. Nikamwambia ngoja mwanangu, nikatoa futi kwenye pochi. Kushoto sentimita 11 kutoka ukutani. Kulia sifuri, na sifuri yenyewe ya kudai. "Hiyo ndiyo namba yetu," akasema. "Usiniambie unaumwa kiasi gani, niambie futi inasema nini."

Nilimpenda hapo. Muda wote ule watu walikuwa wananiuliza unajisikiaje, na mimi sijui najisikiaje. Lakini sentimita nazijua.

Mazoezi aliyonipa yalikuwa ya kitoto mpaka nikaona ananidharau. Vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini nivimwage sakafuni nivikusanye kwa vidole vya mguu. Mpira wa tyubu ya baiskeli niufunge kwenye mguu wa meza, niuvute kwa unyayo mbele na pembeni. Nipige mswaki nimesimama kwa mguu mmoja, karibu na sinki nisije nikaanguka. Nipande na kushuka kwa visigino kwenye kidato cha baraza, kwanza kwa miguu yote miwili. Ukivifanya hivi vitu kwa mguu mzima ni mchezo. Kwa mguu wangu, kuokota kipande cha khanga kwa vidole kulinitoa jasho la usoni.

Akanipa pia kanuni ya maumivu, na hii nawaombea kila mgonjwa aipate. Maumivu madogo wakati wa zoezi, ya kiwango cha tatu au nne ukihesabu kumi ndiyo yasiyovumilika, si adui, ilimradi kesho asubuhi mguu usiwe mbaya kuliko ulivyoamka leo. Ukiwa mbaya, punguza, usiache. Ila shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikawa fupi, hilo halingoji siku ya miadi, ni hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Sasa cherehani.

Pedeli ya cherehani ya kukanyaga inakwenda mbele na nyuma, vidole chini kisha kisigino chini, na ndio mkunjo ule ule niliokuwa nimeupoteza. Aliniambia nianze bila uzi, bila kitambaa, na mkanda umetolewa kwenye gurudumu ili pedeli iwe nyepesi. Nikavua ndala. Chuma kilikuwa cha baridi na nakshi zake nikazisikia chini ya unyayo, maua yale ambayo nimeyakanyaga miaka yote bila kujua yana umbo. Mguu wa kushoto ukasukuma, wa kulia ukabebwa tu. Nikauacha ubebwe. Pedeli ikaenda, ikarudi, ikaenda, na kifundo kikawa kinakunjwa na mguu mwenzake bila mimi kukiamuru. Baadaye mkanda ukarudishwa. Baadaye kitambaa chepesi, vitenge. Jinzi ndiyo ilikuja mwisho.

Sikuwa nimegundua jipya. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, hospitali za Uingereza na Marekani zilifungua karakana ambamo askari walioumia walitibiwa kwa kazi za mikono, na wenye miguu mibovu walikalishwa kwenye mashine za kukanyaga. Tiba kwa kazi imekulia humo. Na mimi naona waliona mbali kuliko wanaokupa karatasi yenye michoro ya mtu mwembamba ananyanyua mguu mara kumi. Ile karatasi nilikuwa naifanya siku nikikumbuka. Shati la mteja nililifanya hata siku nisiyotaka, kwa sababu anakuja saa kumi. Tena ukishona hufikirii mguu, unafikiria kola. Niliwahi kumaliza upindo mzima wa shuka ndipo nikakumbuka kwamba kuna mguu unaoniuma. Woga hauna nafasi ukiwa na kola ya kugeuza.

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwamba mwendo ulikuwa unatibu mambo mawili kwa wakati mmoja. Woga niliobembelezewa nyumbani kwa maneno haukutoka kwa maneno. Uliondoka kwa ushahidi. Mguu ulikanyaga, haukuvunjika, ukakanyaga tena. Naweza kukwambia "usiogope" mpaka jioni, haitasaidia kitu.

Kwaya nayo nilirudi kabla sijawa tayari. Sisi Walutheri wa hapa hatuimbi tumesimama wima, kuna hatua, kulia na kushoto, wakati mwingine nusu mzunguko. Mwalimu wa kwaya akanipanga mwisho wa mstari wa alto, mkono mmoja kwenye benchi. Wimbo ulipoanza mguu ukaenda kulia na wenzake. Nimefundishwa kuhamisha uzito kwa kuhesabu, moja, mbili, nikashindwa. Kinanda kikahesabu kwa niaba yangu, nikaweza. Kijana wa fizio hakushangaa. Alinieleza kuhusu Michael Thaut na wenzake nchini Marekani, ambao miaka ya 1990 walionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wakitembea kwa kufuata mapigo, hatua zao zinakuwa ndefu na za kulingana zaidi. Sikio linaufikia mguu kwa njia ambayo akili ikijaribu peke yake inajikwaa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1942 mcheza dansi Marian Chace alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili kwenye hospitali ya St. Elizabeths, Washington. Alikuwa akiuangalia mjongeo wa mgonjwa, hata ukiwa mdogo wa bega tu, anaujibu kwa mjongeo wake. Mwaka 1966 chama cha tiba ya dansi cha Marekani kilianzishwa, yeye akawa rais wake wa kwanza. Wapo wanaoyacheka haya wakisema ni mambo ya wenye nafasi. Mimi nawaambia nendeni kwenye harusi yoyote huko Uru mkatazame wajane.

Kwenye kwaya ndiko nilikolia. Nilidhani nitalia kwa huzuni, kumbe ilikuwa hasira. Hasira na yule kijana wa bodaboda.

Hapa lazima nieleze. Kijana yule ni wa mtaani kwetu. Wiki chache baada ya ajali walikuja wazee wa kwao pamoja na mama yake, wakaja na isale. Kwa asiye wa huku: isale ni lile jani refu la kijani ambalo Mchaga akikuletea kuomba radhi, hukatai. Unaweza kuwa umepania kwenda polisi, ukiletewa isale unakaa chini mnazungumza. Nilipokea. Mama mkwe alisimamia, tukala, tukasali, yakaisha. Kwa mdomo nilisamehe, na kwa moyo nadhani nilisamehe. Mwili haukuwepo kwenye kikao kile. Pikipiki ya yule kijana ikipita, naijua mlio, mguu unakaza mpaka vidole vinajikunja ndani ya kiatu.

Nilimwambia mtu wa fizio nikitegemea aniambie nikamwone mchungaji. Akanipa kalamu. Niandike vyote ninavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Chini kabisa niliandika kusimama kandokando ya barabara. Katikati, kuvuka barabara pale Mnara wa Saa mjini saa za jioni. Juu kabisa, bodaboda. "Tutapanda kutoka chini," akasema, "na hupandi ngazi ya juu mpaka ya chini ikuchoshe." Ni mbinu ile ile wanayoitumia watu wa Vlaeyen, yule mwanasaikolojia, kwa maumivu: unakikabili unachokiogopa kidogo kidogo mpaka mwili uamini.

Kusimama barabarani kulinichosha upesi. Mnara wa Saa ulichukua muda, na mara ya kwanza nilivuka nimemshika mkono mwanafunzi wa sekondari nisiyemjua, Mungu ambariki. Nilipofika juu ya orodha nilimwita yule kijana mwenyewe. Alikuja na pikipiki yake ameizima, anaisukuma, kofia mkononi, hajui namtakia nini. Nikamwambia aiwashe tu, asiende popote. Nikasimama pembeni mpaka mlio ukanizoea. Siku nyingine nikakaa juu yake ikiwa imezimwa. Nyingine ikiwa inanguruma. Jirani zangu walijua nimerukwa na akili. Kijana naye alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na hapo ndipo nilipoona kwamba yeye hakuwa amebeba abiria mwanamke tangu siku ile. Hakuna aliyemuuliza. Tulikwenda hadi mwisho wa mtaa, mwendo wa mtu anayetembea, nikashuka kabla ya lami. Sijapanda bodaboda ya lami hadi leo na sina mpango. Lakini mlio haunikazi tena vidole, na yeye amerudi kubeba watu.

Wengi hawatapata fizio niliyopata mimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 2.4 wana hali ya kiafya ambayo ingenufaika na huduma za utengamao, zile za kumrudishia mtu uwezo wake, na hao ni karibu mmoja katika kila watatu, na nchi zetu ndizo zenye wataalamu wachache. Sioni kwa nini mtu aliyelazwa Moshi aondoke na mfuko wa dawa za maumivu bila kuonyeshwa zoezi hata moja. Ukitolewa POP, usiinuke kwenye kile kiti mpaka umeuliza: naruhusiwa kukanyaga kiasi gani, nianze na nini, na nani ananifuatilia? Wakikasirika, kaa hapo hapo.

Mguu wangu sasa, futi inasema sentimita tisa. Huenda hazitafika kumi na moja, na kwenye mteremko wa Uru magoti yangu yanajua. Choo hakinisumbui.

Wiki iliyopita alikuja mteja kupunguza suruali, dereva wa bodaboda, goti limetoka kwenye POP siku si nyingi, mke wake kambebea mkoba na yeye kabebwa na bajaji kutoka Majengo, ambako si mbali. Mke akaniomba kiti. Nikampima akiwa amesimama, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, nikaongea sana makusudi. Nikawaambia suruali itakuwa tayari Jumatatu, na aje kuichukua mwenyewe kwa miguu, mke abaki nyumbani. Mke hakufurahi. Yeye alicheka, kisha akaniuliza kama nina kipande cha mpira wa tyubu.